Kufuli tatu ndani ya simu: namna kikundi cha akina mama kinavyoweza kuutumia mtandao

Sanduku la kikundi cha kuweka na kukopa lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa wanawake watatu ambao hawaishi nyumba moja. Anayelitunza sanduku lenyewe hana ufunguo hata mmoja. Utaratibu huu, ambao wanachama wa VICOBA, yaani benki za jamii za vijijini, wanaufahamu vizuri, haukuwekwa kwa sababu akina mama hawaaminiani, bali ili pasiwe na mtu mmoja anayelazimika kuaminiwa peke yake. Nimeanza na sanduku kwa sababu vikundi vinavyotaka kuhamia kwenye simu huanza kwa kuuliza habari za bando, programu na aina ya simu ya kununua, ilhali swali la kwanza lingekuwa hili: kufuli zetu tatu zitakaa wapi?

Kabla ya kulijibu, inafaa kujua ni nini hasa kilichokwisha kuthibitika kuhusu simu na maisha ya wanawake wa huku kwetu, kwa kuwa ahadi zinazotolewa ni nyingi kuliko ushahidi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Mwaka 2016 watafiti Tavneet Suri na William Jack walichapisha katika jarida la Science makadirio kwamba huduma hiyo iliziondoa kaya 194,000 za Kenya katika umaskini, sawa na asilimia 2 ya kaya zote za nchi hiyo, na kwamba wanawake wapatao 185,000 waliacha kilimo cha kujikimu kama kazi yao kuu wakaingia katika biashara. Hizo ni tarakimu kubwa. Lakini msomaji makini ataona kwamba huduma hiyo ilifanya kazi kwenye kitochi, bila intaneti kabisa. Kilichomsaidia mwanamke kilikuwa kupata mahali pa kuweka pesa kwa jina lake mwenyewe, pasipoonekana na kila anayeingia chumbani, na kuweza kupokea msaada wa ndugu walio mbali siku ya msiba au ya ukame. Intaneti imekuja juu ya msingi huo, na pale ambapo msingi wenyewe haupo, haiujengi.

Hesabuni simu, kisha hesabuni majina

Kazi ya kwanza ni orodha. Mteueni mwanachama mmoja mwenye busara azungumze na kila mwenzake faraghani, kwa sababu maswali yenyewe yanaweza kumwaibisha mtu mbele ya mkutano au kumletea ugomvi nyumbani. Aulize: una simu janja, una kitochi, au unaazima? Laini imesajiliwa kwa jina la nani? Nani mwingine anajua neno lako la siri? Unaweza kusoma ujumbe mwenyewe, au unasomewa na mtoto?

Majibu ya swali la pili ndiyo yanayoshangaza zaidi. Tanzania ilianza kusajili laini kwa alama za vidole mwaka 2019, na usajili huo ukahitaji namba ya kitambulisho cha taifa inayotolewa na NIDA, hivyo mwanamke aliyekuwa hajapata kitambulisho alisajiliwa laini kwa kidole cha mume, kaka au mwanawe. Kwa mujibu wa kumbukumbu za kampuni ya simu, mwenye pesa iliyomo ni yule mwenye kidole. Kila mwanachama na apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Anayegundua kwamba laini anayoitumia haimo katika orodha hiyo ana safari ya kwenda kwa wakala kabla ya jambo jingine lolote, na anayekuta humo laini asiyoijua ana safari hiyohiyo kwa sababu nyingine. Kwa asiye na kitambulisho, kikundi kingefanya jambo la maana zaidi kwa kumchangia nauli ya kwenda ofisi ya NIDA kuliko kwa kumchangia simu.

Baada ya orodha, jiwekeeni kanuni moja: shughuli ya lazima ya kikundi ifanyike kwa njia ambayo mwanachama mwenye simu duni kuliko wote anaiweza. Ripoti za GSMA, chama cha kimataifa cha kampuni za simu, zinaonyesha kwamba mwaka 2023 mwanamke katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara alikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 32 wa kutumia intaneti ya simu kuliko mwanamume. Pengo hilo limo pia ndani ya vikundi vyenu, kati ya mwalimu mwenye simu nzuri na muuza mboga mwenye kitochi, na kikundi kinachohamia kwenye programu ya simu janja kwa haraka humgeuza huyo wa pili kuwa mgeni katika chombo alichokianzisha. Huduma ya kupiga nyota na reli haina mvuto, lakini inamfikia kila mtu.

Pesa

Hapa ndipo penye manufaa makubwa na hatari kubwa, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda.

Njia inayotumika sana, na ambayo ningependa muiache leo, ni ile ya michango yote kutumwa kwenye laini ya mweka hazina. Ni rahisi, nayo hukubalika kwa sababu mweka hazina ni mtu mwema. Tatizo ni kwamba wema wake hauhusiki. Siku akifariki, pesa iliyomo kwenye laini yake inahesabika kuwa mali ya marehemu, na kikundi kitajikuta katika mambo ya mirathi, kikiwaeleza warithi na mahakama kwamba shilingi milioni tatu za mama yao hazikuwa zake. Akiibiwa simu, mmeibiwa wote. Akishikwa na shida ya hospitali usiku wa manane, mmemweka katika jaribu ambalo sanduku lisingemweka.

Wapo wanaojaribu kulitatua hilo kwa kuligawa neno la siri, mmoja akijua tarakimu mbili za mwanzo na mwingine mbili za mwisho. Niliwahi kuwa katika kikundi kilichofanya hivyo, na tulijiona werevu sana hadi kijana mmoja wa duka la simu alipotuuliza laini ilisajiliwa kwa jina la nani. Mwenye kidole anaweza kwenda dukani wakati wowote kuomba laini mpya na neno jipya la siri, na tarakimu zote nne zilizogawanywa kwa hekima zinakuwa hazina kazi.

Njia iliyo salama ni akaunti iliyotengenezwa kwa ajili ya vikundi. Benki nyingi zinazo, na kampuni za simu zinatoa huduma za namna hiyo zikishirikiana na benki, kama M-Koba ya Vodacom nchini Tanzania. Mnapochagua, msiongozwe na tangazo. Mwulizeni anayewauzia huduma maswali haya, naye awaonyeshe kwenye simu badala ya kuwaeleza kwa mdomo: ni watu wangapi wanaopaswa kuidhinisha kabla pesa haijatoka, na kila mmoja anaidhinisha kwa simu yake? Je, kila mwanachama anapata ujumbe pesa inapoingia au kutoka, au ni viongozi tu? Kiongozi akibadilishwa, mnahitaji muhtasari wa mkutano wenye saini ngapi? Idhini za watu watatu kwenye simu tatu ndizo kufuli zenu tatu. Ujumbe unaomfikia kila mwanachama ni jambo ambalo sanduku halikuweza kamwe kulifanya, na kwangu mimi ndiyo faida kuu ya kuhamia kwenye simu, kwa sababu mama aliyekuwa akikaa nyuma mkutanoni bila kuuliza kitu sasa anaona salio sawasawa na mwenyekiti.

Kubalianeni pia juu ya gharama, na muiandike katika katiba ya kikundi. Nani anaongeza "ya kutolea"? Mwanachama akitumiwa mkopo wa laki mbili akakuta za mkononi zimepungua kwa makato, ataamini kwamba kikundi kimemdhulumu. Makato hayo hubadilika pia bila kikundi kuulizwa: tarehe 15 Julai 2021 serikali ya Tanzania ilipoanza kutoza tozo ya miamala, iliyofika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mkubwa, watu wengi walirudi kubeba noti mkononi, na tozo ikalazimika kupunguzwa baadaye. Kwa sababu hiyo, msilitupe sanduku. Bakisheni humo mfuko wa jamii, ile pesa ya msiba na ugonjwa, kwa fedha taslimu.

Daftari nalo libaki. Vitabu vya hisa vya kila mwanachama, vyenye mihuri inayohesabika hata na asiyejua kusoma, viendelee kugongwa mkutanoni kama zamani, na mwisho wa mkutano katibu alinganishe jumla ya vitabu na salio la akaunti kwa sauti. Vikitofautiana, hakuna anayeondoka.

Kundi la WhatsApp

Kundi la WhatsApp linafaa kwa matangazo, kwa kukumbushana na kwa kufarijiana. Halifai kwa maamuzi. Nimeona mikopo ikipitishwa usiku kwa vidole gumba saba vilivyowekwa chini ya ujumbe, huku wanachama kumi na wawili wasio na simu janja wakiwa wamelala. Andikeni kwamba mkopo, adhabu na mabadiliko ya katiba hujadiliwa ana kwa ana tu, na kwamba kila tangazo la kundini litapelekwa pia kwa ujumbe mfupi wa kawaida au kwa mdomo kwa wasiokuwemo, na mtajeni mtu mwenye kazi hiyo.

Kwa wasiosoma vizuri, tumieni ujumbe wa sauti. Sekunde arobaini za sauti ya katibu zinaeleweka kuliko aya tatu za maandishi, ingawa yule mwanachama anayetuma sauti za dakika sita naye apewe ukomo wake. Picha za vitambulisho, orodha za madeni na salio la mtu mmoja mmoja zisiwekwe kundini hata siku moja. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019, lakini sheria haiwezi kuirudisha picha iliyokwisha kusambaa.

Kila mwanachama awashe uthibitishaji wa hatua mbili katika mipangilio ya WhatsApp, ambao humtaka aweke tarakimu sita za siri za kwake. Wezi hufanya hivi: humpigia mtu wakimwambia kwamba amechaguliwa kupata kitu fulani, kisha humwomba awasomee namba iliyomfikia kwa ujumbe mfupi. Namba hiyo ndiyo inayofungua WhatsApp yake kwenye simu yao. Baada ya dakika chache kundi zima linaombwa pesa kwa jina lake. Kanuni ni nyepesi: ombi lolote la pesa linalokuja kwa maandishi lithibitishwe kwa kupiga simu ya kawaida na kuisikia sauti ya mwenyewe. Na ule ujumbe maarufu wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", ambao kila Mtanzania amewahi kuupokea, usifutwe tu. Upelekwe namba 15040 ili laini hiyo ifungiwe. Kwa wateja wa Safaricom nchini Kenya, namba ya kuripoti ni 333.

Kuuza, na mahali bei inapopangwa

Semina nyingi za uwezeshaji huwaambia akina mama kwamba wakijiunga na mitandao ya kijamii watapata soko la dunia. Hilo hutegemea bidhaa. Wanawake wa Paje na Jambiani, Zanzibar, wamekuwa wakilima mwani kwa biashara tangu mwaka 1989. Mwani mkavu hununuliwa na wasafirishaji wachache, nao ndio wanaopanga bei ya kilo. Mkulima akipiga picha nzuri za mwani wake na kuziweka Instagram, bei itabaki ileile, kwa maana hakuna mpika chakula wa Dar es Salaam anayetafuta gunia la mwani. Yule anayeusaga mwani akatengeneza sabuni, yeye simu itamfaa, kwa kuwa mnunuzi wa sabuni ni mtu mmoja mmoja, anaangalia picha, na anaweza kuagiza. Kwa hiyo kabla ya kununua bando la kutangaza, jiulizeni ni nani anayenunua bidhaa yenu na ni nani anayepanga bei yake. Kama jibu ni dalali mmoja anayekuja na gari lake, kilicho na nguvu kwenu ni kuuza kwa pamoja na kuwapigia simu wenzenu wa kijiji jirani kujua wao wamelipwa ngapi.

Mkiamua kuuza mtandaoni, piga picha mchana, nje, juu ya kitambaa cha rangi moja. Andika bei. Tabia ya kumwambia mteja aje "inbox" kuulizia bei humfukuza mteja mwenye haraka na humfanya aliyebaki adhani kwamba bei inategemea sura yake. Tumieni lipa namba ya biashara badala ya laini ya mtu, ili mapato yaonekane. Mteja akionyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, usitoe mzigo mpaka uone salio lako limeongezeka, kwa sababu ujumbe wa kughushi unatengenezwa kwa dakika moja.

Mikopo ya mtandaoni ingehitaji mwongozo wake peke yake. Itoshe kusema kwamba mwanamke anayekimbia "kausha damu" ya mtaani, yaani mkopo wa riba ya kuumiza, anaweza kuikuta kausha damu nyingine ndani ya simu, tena hii ina orodha ya ndugu zake wote, maana programu nyingi za mikopo huomba ruhusa ya kusoma majina yaliyomo kwenye simu na baadaye huwapigia watu hao kumwaibisha mkopaji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizipiga marufuku programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Programu ya mkopo ikiomba kusoma majina ya kwenye simu au picha zako, iondoe hapohapo.

Picha, matusi na nyumba

Mwanamke anayeonekana mtandaoni hutukanwa, na anayeuza vitu hutukanwa kwa namna yake. Wengi huzima akaunti wakanyamaza, na biashara ikafa. Kabla ya kufuta chochote, piga picha ya kioo yenye jina la akaunti au namba, tarehe na maneno yenyewe. Mpe mwenzako mmoja nakala. Tanzania inayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya inayo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018, ambayo inalitaja waziwazi kosa la kusambaza picha za faragha za mtu. Katika vituo vya polisi vya Tanzania ulizeni Dawati la Jinsia na Watoto, na nendeni wawili, kwa sababu mwenye malalamiko akienda peke yake huenda akaulizwa kwanza kwa nini alipiga picha hizo. Nchini Kenya, namba 1195 hupokea taarifa za ukatili wa kijinsia bila malipo. Wanakikundi wasiitume mbele picha ya mwenzao iliyovuja, hata kwa nia ya kulaani.

Gumu kuliko yote liko nyumbani. Mume anayeichukua simu kila jioni na kusoma kila ujumbe hazuiliki kwa neno la siri, kwani neno la siri lenyewe linaweza kuwa sababu ya kipigo. Kwa mwanachama wa namna hiyo, msimshinikize apokee ujumbe wa salio. Mwacheni achague: kitabu chake kitunzwe na katibu, taarifa apewe kwa mdomo mkutanoni, namba yake isiwekwe kundini. Kikundi kilichowahi kukutana chini ya mwembe kinajua mambo hayo. Kikihamia kwenye simu huyasahau, kwa kuwa simu haimwonyeshi mtu aliyekuja na uso uliovimba. Vilevile, benki ikidai dhamana ya kiwanja, na hati ikawa na jina la mume peke yake, hakuna programu itakayoongeza jina la mke. Hilo huenda likafanyika ofisi ya ardhi, na katika kijiji hufanyika mbele ya halmashauri ya kijiji, ambako hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya wote wawili. Kikundi chenye nguvu ya kutosha kumsindikiza mwanachama huko kimemfanyia kazi ambayo bando la mwaka mzima lisingeifanya.

Siku mtandao usipokuwepo

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikasuasua kwa siku kadhaa. Tanzania ilipofanya uchaguzi mkuu tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Uganda ilikwenda mbali zaidi Februari 2016, siku ya uchaguzi wake, kwa kuzuia mitandao ya kijamii pamoja na huduma za kutuma pesa kwa simu. Jiandaeni hivi: namba za wanachama wote ziandikwe kwenye karatasi nyuma ya daftari kubwa, mikutano iwe na siku na mahali pa kudumu, ili ifanyike hata kama hakuna aliyekumbushwa, na mfuko wa jamii, kama nilivyosema, ukae sandukuni.

Mwisho wa mzunguko, siku ya mgao, fanyeni mambo kwa mpangilio huu. Waidhinishaji watatu waje na simu zao zikiwa na chaji. Katibu asome hisa za kila mmoja kutoka kitabuni, mwenye kitabu aitikie. Jumla iandikwe ukutani au kwenye karatasi kubwa. Kisha salio lifunguliwe mbele ya wote, na simu ipitishwe mkono kwa mkono, kuanzia kwa yule mwenye kitochi aliyekaa nyuma. Jumla hiyo na salio vikilingana, kila mwanachama atumiwe fungu lake palepale, asubiri ujumbe uingie, aonyeshe, atie saini au kidole gumba. Wa mwisho akishatia, ndipo sanduku lifungwe tena, kufuli tatu, na funguo zigawiwe kwa wanawake watatu wapya.